Mbuzi akiuawa usiku, kisu kisubiri

Wafugaji wa Liwale na Nachingwea, kuhusu boma la miba na mbwa wa ulinzi sina la kuwafundisha. Kinachowagharimu ni asubuhi yake. Mbuzi amekutwa amekufa, mtendaji wa kijiji hajapigiwa hata simu, tayari keshachunwa na nyama iko jikoni. Ofisa wanyamapori anafika, anaonyeshwa ngozi iliyowambwa ukutani na kuambiwa ni simba. Simba yupi? Fomu ya kifuta jasho, yaani malipo ya serikali kwa mifugo iliyouawa na wanyamapori, inakwama hapo, na kuna wanaotega sumu ikaua tai na mbwa wao wenyewe.

Ushahidi uko chini ya ngozi mnayoivua. Mnyama aking'atwa angali hai, damu huvilia nyamani kuzunguka tundu la jino. Akifa kwa maradhi kisha fisi wakamla, matundu hayana vilio la damu. Chui hukaba koo, na mara nyingi huburuta windo hadi kichakani au kulipandisha mtini. Simba naye hukaba koo au kufunika pua na mdomo, na kucha zake huacha michubuko mabegani na mgongoni. Fisi huanzia tumboni na mapajani, na mifupa huitafuna.

Kwa hiyo funikeni mzoga palepale kwa turubai, mkandamize kwa mawe. Msishike jeraha: mate yaliyobaki humo yanaweza kupimwa vinasaba. Nyayo zifunikwe kwa karai kabla mbuzi hawajafunguliwa.

Kwenye vipimo ndiko mnakoharibu zaidi. Pimeni upana wa sakafu ya unyayo, pale chini palipo bapa, si ukingo wake wa juu. Mchanga hubomoka, chui akasomeka simba. Unyayo wa simba mkubwa hupita sentimita 10. Wa chui mara nyingi ni 7 hadi 9. Alama za kucha zikionekana mbele ya vidole, fikirieni fisi au mbwa kwanza. Picha ipigwe kabla ya saa 3 asubuhi, jua likiwa la ubavuni, simu ikiangalia chini wima, rula ikiwa kando ya unyayo. Acheni kunitumia picha za saa 6 mchana zenye kidole badala ya rula. Kidole cha nani?

Mkifanya hivyo ukaguzi huisha upesi.

Ila mzoga usio na jeraha, unaotoka damu nyeusi isiyoganda puani au nyuma, msiufunue wala kuupasua. Huenda ni kimeta, ugonjwa wa mifugo unaoambukiza hata watu. Huyo ni wa daktari wa mifugo.