Kupunguza wanga ukiwa na kisukari: anzia kwenye sufuria ya ugali

Kabla hujapunguza hata tonge moja, angalia dawa unazotumia. Anayechoma insulini au kumeza glibenclamide au gliclazide akikata ugali ghafla na dozi ikabaki ileile, sukari inaweza kushuka vibaya. Nenda kliniki kwanza upangiwe dozi. Anayetumia dapagliflozin au empagliflozin naye aulize, maana dawa hizo pamoja na wanga kidogo mno zinaweza kuongeza asidi kwenye damu hata kipimo cha sukari kikiwa hakitishi. Mjamzito, mgonjwa wa figo na mwenye kisukari aina ya 1 wasijianzishie.

Kwa kuanzia, wanga usizidi gramu 130 kwa siku, yaani 30 hadi 40 kwa mlo.

Tatizo ni kwamba ugali tunaupima kwa macho. Unga mkavu wa mahindi una wanga kama gramu 75 katika kila gramu 100, na maji hayana wanga, kwa hiyo bonge la ugali laini na bonge la ugali mgumu yanaweza kulingana kwa ukubwa lakini yasilingane kwa wanga. Pima unga kabla ya kusonga. Familia ikisonga gramu 500, sufuria nzima ina wanga gramu 375. Ugali ukiiva, upime wote: ukifika kilo 1.5, kila gramu 100 imebeba wanga gramu 25, na kipande chako cha gramu 120 ni gramu 30. Tafuta kibakuli kinachobeba kipande hicho, kiwe kipimo chako; mizani utairudia tu mkibadilisha unga au msongaji.

Na dona je? Ina nyuzinyuzi zaidi, lakini wanga wake haupishani sana na wa sembe. Anayejaza sahani kwa kuwa "ni dona" anajidanganya. Wali ulioiva una kama gramu 28 kwa kila gramu 100, muhogo unauzidi. Chapati ya unga gramu 50 inakaribia 37. Maharage nayo yana wanga, japo yana nyuzinyuzi nyingi, hivyo ukiyala punguza wali.

Pengo la ugali lazima lijazwe, la sivyo njaa itakurudisha sufuriani. Nusu ya sahani iwe mchicha, matembele, bamia au kabichi. Robo iwe samaki, dagaa, kuku au mayai. Nusu parachichi au kiganja cha karanga husaidia kushiba.

Chai ndiyo inayosahaulika. Vijiko vitatu vya sukari mara tatu kwa siku hufikia kama gramu 40, mlo mzima huo. Asali ni sukari vilevile. Juisi ya matunda, hata ya nyumbani, iache. Kula tunda lenyewe, kidogo.

Pima sukari kabla ya kula na saa 2 tangu tonge la kwanza. Nawa mikono kwa sabuni uikaushe kabisa: maji ya embe kidoleni yatakupa namba kubwa ya uongo. Kwa watu wazima wengi lengo ni 4.4 hadi 7.2 kabla ya kula, na chini ya 10 baadaye (mmol/L), isipokuwa daktari amekupa lengo lake. Ikipanda kwa zaidi ya 3, siku nyingine kula mlo uleule ukiwa umepunguza theluthi ya wanga, upime tena.

Ukitetemeka, ukatoka jasho au kuchanganyikiwa, pima. Ikiwa chini ya 3.9, koroga vijiko 3 hadi 4 vya chai vya sukari kwenye maji, unywe, upime tena baada ya dakika 15. Bado iko chini, rudia. Kama mashine haipo karibu, kunywa tu. Usitumie karanga wala chokoleti, mafuta yake huchelewesha sukari kuingia kwenye damu. Aliyezimia asinyweshwe kitu. Alazwe ubavu na kukimbizwa hospitali.