Dodoma hadi Dar kwa ndege: piga mwenyewe hesabu ya umbali na muda

Nakata tiketi hapa Dodoma, na wateja wengi huniuliza swali moja: "Nitafika saa ngapi?" Ukijua hesabu hii utapanga safari yako bila kubahatisha.

Hatua ya 1: Pata nyuzi za viwanja vyote viwili. Fungua ramani kwenye simu, bonyeza uwanja na ushikilie kidole mpaka namba mbili zitokee. Uwanja wa Dodoma uko nyuzi 6.17 kusini na 35.75 mashariki. Julius Nyerere, Dar es Salaam, ni 6.88 kusini na 39.20 mashariki.

Hatua ya 2: Tafuta tofauti, kisha zidisha kwa 111. Kila nyuzi moja ni takriban kilomita 111. Kusini tofauti ni 0.71, yaani kilomita 79. Mashariki ni 3.45, yaani kilomita 383. Sasa rudi kwenye Pithagorasi ya sekondari: 79 kwa 79, jumlisha 383 kwa 383, tafuta kipeuo cha pili. Utapata 391. Kwa hesabu kamili inayozingatia mviringo wa dunia ni kama 389, kwa hiyo umekosea kilomita mbili tu. Njia hii inatufaa kwa sababu tuko karibu na ikweta, usiipeleke London. Kwa barabara ni kama kilomita 450.

Hatua ya 3: Gawanya kwa mwendo wa ndege. ATR, aina wanayotumia Precision Air, hukimbia kama kilomita 500 kwa saa. Dash 8 Q400 ya Air Tanzania hufika 650 hivi. Kwa ATR, 391 gawanya kwa 500 ni dakika 47.

Hatua ya 4: Ongeza dakika 20. Wengi huiruka hatua hii. Ndege hutembea ardhini kabla ya kupaa, hupanda taratibu, na ikikaribia huzunguka ili ilingane na njia ya kutua. Ndiyo maana ratiba husema saa moja na kitu, wala si dakika 47.

Hatua ya 5: Soma saa ya tiketi sawasawa. Tiketi ikiandika 13:20, toa sita: ni saa 7:20 mchana. Tafadhali hakikisha hili mara mbili, maana inaumiza kumwona mtu amefika uwanjani ndege imeshaondoka.

Hatua ya 6: Hesabu mlango kwa mlango. Uwanja wa Dodoma uko mjini kabisa, unatoka na kufika kwako upesi. Uwanja mpya wa Msalato uko nje ya mji upande wa kaskazini, kwa hiyo safari zikihamia huko ongeza muda wa barabara. Dar weka saa nzima ya foleni ukielekea Posta, hasa jioni. Jumlisha na muda wa kuwahi kaunta: safari ya saa moja angani inakula saa nne hivi za siku yako. Kama unakaa karibu na stesheni ya SGR, linganisha na treni kabla hujalipa.