Sauti ya mikwaruzo kwenye simu za ofisi za zamani
Usiilaumu swichibodi (mtambo unaounganisha simu za ofisi) kwanza. Badilisha ule waya wa kujikunja wa mkono wa simu. Huo huvutwa kila siku, ndiyo maana hukatika ndani mapema. Kelele ikibaki, hamishia simu kwenye soketi ya meza nyingine yenye simu ya aina hiyohiyo. Kelele ikiifuata, simu ni mbovu. Isipoifuata, fungua soketi ya kwanza utafute kutu na skrubu zilizolegea.

Simu zote zikikwaruza, chomeka simu ya kawaida pale laini ya nje inapoingilia jengo. Ikikwaruza hapo pia, waite kampuni ya simu. Mvumo mfululizo ni jambo jingine: mara nyingi waya umelazwa sambamba na wa umeme. Mikwaruzo ikizidi wakati wa mvua, huenda kiungio cha waya kimeingia maji. Kikate, uunge upya kwa viungio vyenye jeli.