Bonsai msimu wa kaskazi: angalia chungu kabla ya majani

Kuanzia Desemba mpaka Machi, kaskazi inapovuma, mchana wa Mombasa, Tanga na Dar es Salaam hupita nyuzi 30 za Selisiasi karibu kila siku. Mkwaju ulioota shambani haujali, maana mizizi yake imeshazama kwenye ubaridi. Mkwaju huohuo ukiwa bonsai, yaani mti uliolelewa ubaki mdogo chunguni, unategemea udongo wa kina cha vidole vitatu au vinne, tena ndani ya chombo kinachopigwa jua kila upande. Ukingoja majani yakuambie kuna shida, umechelewa. Mti huumia chunguni kwanza.

Saa nane mchana shika ubavu wa chungu. Mkono ukishindwa kutulia hapo, ujue mizizi iliyogusana na ukuta huo inaungua. Vyungu vyeusi vya plastiki ndivyo vibaya kuliko vyote, hasa vikikaa juu ya sakafu ya saruji au karibu na ukuta unaotazama magharibi. Viinue juu ya meza ya mbao ili upepo upite chini, kisha tundika neti ya kivuli inayozuia asilimia 30 hadi 50 ya jua upande wa magharibi. Vyungu vidogo kabisa vifukie nusu kwenye beseni la mchanga mbichi lililotobolewa chini. Ila usikimbilie kuuingiza mti sebuleni. Mkwaju, mbuyu na bogonvilia vinataka jua la asubuhi, na kivuli chao kianze saa sita.

Maji yatiwe alfajiri, mpaka yatoke kwenye matundu ya chini. Subiri dakika chache, rudia. Udongo uliokauka sana huyakataa maji, yakapita pembeni tu, na hapo dawa ni kuzamisha chungu kizima kwenye ndoo hadi mapovu yaishe. Alasiri pima tena: chomeka kijiti cha mishikaki, kiache dakika kumi, uking’oe. Kikitoka kikavu, ongeza maji.

Kuna wanaoshikilia kwamba maji ya mchana yanaunguza mti. Mti uliosinyaa saa saba ukiachwa mpaka magharibi hupoteza vitawi ulivyovilea miaka, kwa hiyo unyweshe palepale. Yanayounguza ni maji yaliyolala ndani ya mpira juani. Yaache yamwagike pembeni mpaka yawe baridi, ndipo uelekeze mpira chunguni.

Visima vingi vya pwani vina chumvi. Ukiona utando mweupe ukingoni mwa chungu na ncha za majani zikigeuka kahawia, kinga maji ya mvua au tumia ya bomba, usafishe udongo kwa kumwaga mengi kwa mkupuo. Mbolea nayo ni chumvi, kwa hiyo mti uliolegea kwa joto usipewe.

Miti haifanani. Jamii ya mikuyu hunywa sana. Mbuyu na waridi la jangwani huweka akiba shinani, na kuvimwagilia kila siku ni kuviozesha. Mijunipa ya Kijapani, miti inayofanana na misaipresi, inahitaji baridi ya kweli, na pwani hunyauka taratibu hata ikilelewa vizuri. Mimi simshauri mtu wa Dar kuinunua. Anayeipenda sura hiyo ajaribu mwangati, junipa yetu ya milimani, kama anaishi Lushoto au Limuru.

Kuhamisha chungu na kupunguza mizizi kungoje mawingu ya masika. Waya uliozungushia matawi ili kuyapinda ukague kila wiki, maana mkuyu hunenepa haraka wakati wa joto na waya ukizama kwenye gome kovu halifutiki.

Mwisho, utitiri, vijidudu vinavyofyonza majani. Hupenda hewa kavu na ni mdogo mno kuonekana kwa haraka. Gonga tawi juu ya karatasi nyeupe. Ukiona vumbi linatembea, ndio wao. Wapige kwa maji ya nguvu chini ya majani, asubuhi, na urudie kila baada ya siku tatu, kwa sababu maji hayaondoi mayai yote.