Om Namah Shivaya: kuitamka, kuihesabu na kudumu nayo

Mantra hii, yaani maneno matakatifu ya kurudiarudia, mtu huikariri kabla chai haijapoa. Kuitamka mara 108 bila kumeza silabi hata moja ndiyo kazi, na maelezo haya yanahusu kazi hiyo.

Kwanza tuondoe mkanganyiko mmoja wa hapa Lubumbashi. Mhindi ni mtu wa asili ya India. Mhindu ni mfuasi wa dini ya Uhindu. Mwenye duka unayenunua kwake vitambaa mjini anaweza kuwa Mhindi na akawa Mwislamu, kwa hiyo usimwombe akufundishe mantra ya Shiva kabla hujajua anasali wapi.

Inasema nini

Ukiweka kando Om, ile silabi takatifu ya kufungulia, yanabaki maneno mawili. "Namah" ni kuinama kwa heshima. Ndilo lililo ndani ya "namaste", yaani "nainama kwako". "Shiva" ni jina la Mungu katika Uhindu, lakini katika Kisanskriti neno hilo ni sifa pia: mwema, mwenye heri. Ile "-aya" ya mwisho inafanya kazi ambayo sisi tunaifanya kwa neno "kwa", au kwa kunyambua kitenzi: inama, inamia. Tafsiri ya karibu basi ni "namwinamia Shiva", au "namwinamia Mwema".

Ona kwamba haiombi kitu. Hakuna pesa ndani yake, hakuna viza, hakuna mchumba. Ni salamu. Anayekuuzia mantra hii kama dawa ya biashara iliyolala anakuuzia kitu kingine.

Maneno haya ni ya zamani sana. Yamo katika Shri Rudram, sala iliyo sehemu ya Yajurveda, andiko la kale la Wahindu (Taittiriya Samhita, kitabu cha 4, sura ya 5), katika mstari usemao "namah shivaya cha shivataraya cha": heshima kwa aliye mwema, na kwa aliye mwema zaidi. Wafuasi wa Shiva wamezitoa humo silabi tano, na-ma-shi-va-ya, wakaziita panchakshara, maana yake "silabi tano". Mafundisho yanayojulikana zaidi yanazifananisha na asili tano za ulimwengu: na ni udongo, ma ni maji, shi ni moto, va ni upepo, ya ni anga. Om ikitangulia, silabi zinakuwa 6. Kuna mapokeo ambayo Om haisemwi mpaka mtu apewe mantra na guru wake, yaani mwalimu wake wa kiroho. Ukijikuta kati ya watu wa namna hiyo, sema "Namah Shivaya" tu, haitakuwa pungufu.

Mdomo wa Kiswahili na maneno ya Kisanskriti

Hapa ndipo wengi wanapoharibu, na makosa yanajulikana.

La kwanza ni "Omu". Lugha zetu hazipendi neno liishie na konsonanti, basi mdomo unaongeza irabu bila kuulizwa, kama ulivyogeuza *bidon* kuwa bidoni. Funga midomo kwenye m, iache ivume puani, kisha nenda moja kwa moja kwenye "na".

La pili ni "namaha". Ile h si silabi. Ni pumzi tu, kama unayopulizia kioo cha miwani kabla ya kukifuta. Ukisikia watu wanaifutilia ndani ya sh, "namash-Shivaya", usiwasahihishe: sheria za Kisanskriti zinaruhusu, na ndivyo wanavyosoma wengi.

La tatu ni v. Kibemba hakina v, na aliyekulia Kibemba nyumbani husema "Shibaya" bila kujisikia. Kwa sikio la Kiswahili hapo limeingia "baya", katika neno ambalo maana yake ni "mwema". Gusisha meno ya juu kwenye mdomo wa chini, uipe v nafasi yake.

Urefu nao una maana: silabi ndefu ni "va". Hapa Kiswahili kinakusaidia, kwa kuwa sisi tunakaza silabi ya pili kutoka mwisho: Shi-VAA-ya. Usiirefushe "na" wala "shi" kwa sababu ya wimbo uliousikia kwenye simu.

Jaribio ni hili. Gonga goti lako kwa kidole kwa kila silabi: Om, na, mah, shi, va, ya. Mapigo 6. Ukipata 8, umesema "Omu namaha Shivaya". Halafu jirekodi kwa simu ukisema mara 10, usikilize ile ya kumi peke yake. Ya kwanza kila mtu huisema vizuri.

Shanga 108

Mala, yaani mkufu wa kuhesabia, una shanga 108 na moja ya ziada iitwayo meru. Kwa Shiva hutumika rudraksha, mbegu za mti *Elaeocarpus ganitrus*. Zina mifereji kutoka tundu hadi tundu, na zilizo za kawaida na rahisi zina mifereji 5. Kabla ya kulipa, ifuate mifereji kwa kucha: iwe inafika kwenye matundu yote mawili, isikatike katikati, isiwe na alama ya gundi. Jaribio la kutumbukiza majini, kwamba halisi huzama, halithibitishi kitu. Mbegu halisi iliyokauka sana inaweza kuelea.

Ukikosa rudraksha, shanga za mti au mbegu ngumu zinatosha. Tafuta 109 za milimita 8 na uzi wa nailoni wa mafundi viatu, ule unaouzwa soko la Kenya hapa Lubumbashi. Bila mafundo, shanga 108 zinachukua karibu sentimita 86, na mita moja na nusu ya uzi inatosha. Afadhali lakini ukate mita 4 na upige fundo kati ya shanga na shanga: uzi ukikatika, zitaanguka mbili tatu tu, hazitatawanyika chini ya kitanda. Fundo lisibane sana; ushanga usipogeuka, dole gumba litakwama.

Usichukue rozari ya mama yako. Ina shanga 59, na tasbihi ya Kiislamu ina 33 au 99, kwa hiyo hesabu haitakaa. Tena ni vyombo vya sala ya wengine.

Ninginiza mala kwenye kidole cha kati cha mkono wa kulia, vuta ushanga kuelekea kwako kwa dole gumba, ushanga mmoja mantra moja. Kidole cha shahada kikae mbali. Anza na ushanga ulio jirani na meru. Ukiifikia tena, usiivuke: geuza mala, urudi ulikotoka. Huna mala? Vidole vinne vya mkono wa kulia vina vipingili 12. Vipitie kwa dole gumba, na kila mzunguko ukunje kidole kimoja cha kushoto; vitano vikiisha, uvikunjue kimoja kimoja. Mizunguko 9 ni 108.

Kikao chenyewe

Kaa juu ya blanketi lililokunjwa au mkeka, si kwenye simenti tupu, hasa Juni na Julai baridi inapopanda mgongoni. Mgongo wima, uso mashariki au kaskazini. Kiti pia kinafaa kwa mwenye magoti mabovu.

Saa inayosifiwa huanza dakika 96 kabla ya jua kuchomoza na hudumu dakika 48. Lubumbashi jua huchomoza karibu saa 12 na nusu mwezi wa Julai, na karibu saa 11 na nusu mwezi wa Novemba. Hiyo inakupa kuanza karibu saa 11 alfajiri wakati wa baridi na karibu saa 10 wakati wa mvua. Usipoweza, kaa jioni, ila saa iwe ileile kila siku. Jumatatu ni siku ya Shiva. Atakayekosa siku nyingine asikose hiyo.

Vuta pumzi kwa pua, kimya, kisha toa mantra nzima katika pumzi moja bila kusukuma. Sekunde 4 kila moja ni mwendo mzuri, na mala moja itakwisha kwa dakika 7 na kidogo. Ukiimaliza kwa dakika 3 jua kuna silabi ulizomeza. Mara nyingi ni "mah". Ukisikia kizunguzungu, au midomo na vidole vikifa ganzi, si roho inayopanda: unahema kwa nguvu mno na hewa ya kaboni imepungua mwilini. Acha kwanza, hema kawaida, kisha uendelee taratibu.

Njia za kusema ni tatu: kwa sauti, kwa kunong'ona midomo ikitembea, na moyoni tu. Mapokeo yanaipa ya moyoni daraja la juu, ila anayeanza asikimbilie huko. Akili hulala na shanga zinaendelea kutembea peke yake. Wiki 3 au 4 za sauti kwanza. Tatizo la sauti ni majirani. Kwenye parseli, yaani kiwanja kimoja, yenye milango mitatu, mtu anayenong'ona peke yake gizani huzaa maneno ya uchawi kabla ya saa mbili asubuhi. Waambie mapema, mchana, kwa kawaida tu: "Mama, ile sauti ya alfajiri ni sala yangu." Wengi wao pia wanasali alfajiri, na kwa sauti kubwa kuliko yako.

Kikombe cha maji safi mbele yako kinatosha kuwa sadaka. Wenye sanamu ya linga, alama ya Shiva, huyamwaga juu yake taratibu wakisema mantra. Ubani si lazima. Ukiutaka, usiuwashe kwenye mbabula (jiko la makala, yaani makaa) ndani ya chumba kilichofungwa: gesi ya makala inaua bila harufu ya kukuamsha. Wala usijipake majivu ya mbabula kwenye paji la uso. Majivu ya ibada, vibhuti, kwa kawaida hutokana na samadi ya ng'ombe iliyochomwa na kuchekechwa. Ya makala yakichanganyika na jasho huunguza ngozi.

Kuongeza

Mala 1 kwa siku 40 kabla ya kufikiria 2. Anayetaka kutimiza hesabu kamili hufuata kanuni ya laki moja kwa kila silabi, yaani 500,000 kwa silabi tano. Kila mala huandikwa 100, zile 8 zikifidia makosa. Kwa mala 10 kila siku ni siku 500, zaidi ya saa moja kwa kikao, kwa hiyo weka daftari na uandike siku hiyohiyo. Hesabu ya kukumbuka Jumamosi kwa wiki nzima huwa kubwa kuliko ukweli.

Wakati wa mvua rudraksha hushika ukungu. Isugue kwa mswaki laini na maji, ianike kivulini, ipake tone la mafuta ya nazi. Uzi ukikatika katikati ya kikao, malizia kwa vidole, kisha okota na uhesabu kabla ya kutunga upya: 108 na meru. Ikipungua moja, weka ushanga wowote wa ukubwa ule.