Somo: Kuandaa Boxer kwa maonyesho yake ya kwanza

Somo hili linamhusu mwenye Bajaj Boxer au pikipiki ya aina hiyo ambayo imeshakula vumbi jekundu la murramu. Anza wiki sita kabla. Wengi hukimbilia kung'arisha, na hiyo ndiyo kazi ya mwisho. Mwamuzi akiinama hutazama chini ya tangi, nyuma ya rimu na kwenye vichwa vya bolti.

Hatua ya 1: Kuosha. Injini iwe baridi. Ziba mdomo wa eksozi na njia ya hewa ya kabureta kwa mfuko wa plastiki. Grisi itoe kwa mafuta ya taa na brashi, kisha sabuni. Mashine ya presha usiielekeze kwenye beringi za magurudumu, kichwa cha usukani wala swichi: maji yanasukuma grisi nje, na kutu inaanzia ndani usikoiona. Katikati ya mapezi ya silinda tumia mswaki wa zamani.

Hatua ya 2: Kufungua. Ondoa kiti, tangi, vifuniko vya pembeni na madigadi. Piga picha nyaya kabla ya kuzichomoa. Bolti za kila sehemu ziwe na kopo lake.

Hatua ya 3: Rangi. Hapa ndipo pikipiki nyingi huharibika. Stika zitoke kwa joto la jua la mchana, si kwa kukwangua. Vifuniko vya plastiki usivifute kwa thina, vinalainika na kupasuka. Praima, yaani rangi ya msingi inayotangulia, isuguliwe kwa msasa wa maji namba 400, kisha 800. Puliza rangi kwa matabaka mepesi, ukisubiri dakika 10 hadi 15 kati yake. Tabaka zito linachuruzika. Vanishi ya kuchanganya na kikaushi ifuate vipimo vya kopo lake. Moshi wake unadhuru mapafu, kwa hiyo vaa kinyago chenye vichujio, si kitambaa.

Jihadharini na mvua, hasa Machi hadi Mei. Thina ikikauka haraka inapooza uso wa rangi, unyevu wa hewa unatua juu yake, na vanishi inatoka nyeupe kama maziwa. Subirini siku kavu. Nta isipakwe kabla ya siku 30.

Eksozi inataka rangi ya kuhimili joto. Washa injini dakika 10, iache ipoe kabisa, kisha rudia kwa muda mrefu zaidi. Ukiikimbiza mara moja, rangi inatoka malengelenge.

Hatua ya 4: Kromu na spoku. Kutu nyepesi sugua kwa karatasi ya alumini iliyoloa maji. Ni laini kuliko kromu, haichani. Kromu iliyobanduka hairudi kwa dawa yoyote. Badilisha.

Hatua ya 5: Kumalizia. Cheni safi, mlegeo kama milimita 25. Dawa ya kung'arisha tairi ipite pembeni tu. Ikifika sehemu inayokanyaga barabara, utateleza.

Maswali ya wanachama

*Fundi, mimi nabeba abiria kila siku hapa Gulu. Lazima nipake rangi upya?*
Hapana, ndugu. Rangi ya kiwandani iliyotunzwa inaishinda mpya iliyopulizwa vibaya. Tumia dawa ya kusugulia rangi, kisha nta. Pembe za tangi zisugue kidogo sana, rangi huko ni nyembamba.

*Kaka, tangi langu lina kutu ndani.*
Toa koki, ziba tundu, jaza siki, acha usiku kucha. Tikisa pamoja na kipande cha cheni, mwaga, suuza kwa maji yenye magadi, kisha maji safi. Likaushe upesi na uzungushe petroli yenye oili kidogo ndani, la sivyo kutu inarudi siku hiyohiyo.

*Natoka Mbarara kuja Kampala. Niiendeshe?*
Ipakie kwenye pikapu. Mikanda minne, ya mbele ikishika chini ya usukani, na shokabu zishuke nusu tu. Zikibanwa mpaka mwisho, sili zinaweza kuvuja. Weka blanketi kila mkanda unapogusa rangi, na funga koki ya petroli.