Somo: Kutofautisha likeni za mawe bila kudanganywa na rangi

Wengi mnanitumia picha za yale madoa ya Kit Mikayi, yale mawe makubwa ya Seme, Kisumu, mkiuliza ni nini. Ni likeni jamani, kuvu na mwani wanaishi nyumba moja. Shida ni rangi. Juzi huku Seme nimepita asubuhi mvua imenyesha usiku nikaona moja ya kijani nikaandika haraka Xanthoparmelia, kundi la likeni za kijani cha manjano, kurudi saa nane jua limewaka, kumbe ni ya kijivu, ilikuwa imelowa tu! Kwa hivyo ngoja ikauke kwanza.

Ikikauka, weka ukucha pole pole chini ya ukingo. Haiingii, imeshika jiwe kama rangi ya ukuta? Hiyo ni ya ukoko. Ukucha ukiingia ni ya majani, na hapo chukua lenzi, ile ya mara 10 inatosha.

Sasa Xanthoparmelia na Parmotrema ndo zinasumbua watu. Xanthoparmelia ikiwa kavu ni kijani cha manjano, vijani vyembamba, na ukigeuza chini unapata vimizizi mpaka karibu na ukingo. Parmotrema ni ya kijivu, vijani vipana vya mviringo vimeinuka ukingoni kama majani ya sukuma wiki, na chini ukingoni pako uchi, hakuna vimizizi. Angalia pia juu: vipele vidogo kama vidole, ama unga unga? Hiyo inatenganisha spishi ndani ya kundi moja, usiiruke.

Mwisho ni dawa. Kwangua kidogo ngozi ya juu mpaka nyama nyeupe, weka tone la Jik, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe. Parmotrema tinctorum inageuka nyekundu hapo hapo, angalia haraka kwa sababu inapotea.

Swali: Jik yangu ni ya mwaka jana, sioni kitu?
Imekufa nguvu hiyo, nunua mpya, isiwe ya marashi.

Swali: Niko Nakuru, mawe yana madoa ya manjano na ya chungwa, ni moja?
Weka tone la potasiamu haidroksaidi. Ikigeuka zambarau ni jamaa ya Caloplaca, mara nyingi ndiyo ile ya chungwa, ikikaa vile vile pengine ni Candelariella, ile ya manjano. Vaa glavu, dawa hiyo inachoma ngozi. Ya chungwa itafute pale ndege wanapokalia, inapenda mbolea yao.

Swali: Naweza kukwangua pale Kit Mikayi?
Hapana ndugu, watu wanaomba pale. Piga picha, dawa fanyia jiwe la shambani kwako.